Nyoka Tuliyemwita Shemeji

Harufu ya maranda ya mbao yaliyopata joto bado hunikaba koo. Nikipita mbele ya karakana ya seremala mchana wa jua, hapa Durban ambako jua la Februari halina adabu, hunibidi nisimame kidogo nitafute pumzi, na wanaonijua hudhani pumu yangu ya utotoni imerudi. Si pumu. Ni sebule yetu ya mtaa wa Point inayonirudia, ghorofa ya nne, mwaka niliotimiza miaka kumi: maranda, kioo kilichopashwa joto na taa ndogo, mafuta ya nywele ambayo mama alirudi nayo mikononi kutoka saluni, na chumvi ya bahari iliyokula vyuma vya jengo lile mpaka vikawa vinabanduka vipande vipande. Tulikuwa watatu mle ndani, baba, mama na mimi. Kisha kwa miezi kadhaa tukawa wanne, na huyo wa nne alikuwa nyoka.

Msomaji akishtuka simlaumu, hata sisi tulishtuka. Wazazi wangu walikuwa watu wa Uvira, mashariki ya Kongo, waliofika Afrika Kusini wakikimbia vita, mimi nikiwa mgongoni mwa mama, na kwa watu wa kwetu nyoka ana dawa moja tu, nayo ni fimbo. Baba alikuwa mlinzi wa mlangoni katika moja ya majengo mapya karibu na bandari. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyeweza kumtoa mlevi nje bila kupandisha sauti, lakini habari ya nyoka ilimwondolea urefu wote. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Baba hakuwahi kuumwa, na bado alikuwa akiruka akikuta mkanda wake mwenyewe umeanguka sakafuni. Mama alikuwa akimcheka kwa hilo mpaka machozi yanamtoka, na nadhani mara nyingine aliuangusha mkanda ule makusudi.

Kilichotuletea nyoka ni pumu yangu. Daktari alikwisha kutukataza paka, mbwa, hata kasuku, kitu chochote chenye manyoya. Nami nilikuwa binti wa pekee, ninayefungiwa ndani kila alasiri baada ya shule mpaka mama arudi, na nilikuwa na njaa ya kiumbe wa kuzungumza naye. Siku moja hospitalini, nikiwa nimevalishwa ile barakoa ya mvuke inayonguruma, nikipigana nayo kama kawaida yangu, baba aliniinamia akaniahidi kwamba nikitulia mpaka dawa iishe, atanitafutia mnyama asiye na manyoya. Ninaamini alikuwa akiwaza samaki. Lakini muhula uleule alikuja shuleni kwetu bwana mmoja na masanduku yake, kutufundisha tusiue kila nyoka tunayemwona kwenye dari na bustani za mji huu, na katika foleni ya watoto waliojikaza kugusa, mimi niligusa. Nilitegemea utelezi. Nikakuta ukavu na ulaini, kama ngozi ya mkoba wa mama wa kwendea kanisani. Nilirudi nyumbani nikatangaza kwamba mnyama wangu nimempata.

Mama aliweka sufuria chini. Alisema nyoka hataingia katika nyumba aliyoiombea yeye kwa kufunga na kukesha, akataja bustani ya Edeni, akataja na akina mama wenzake wa kikundi cha maombi waliokusanyika kwetu kila Jumatano. Hofu yake kubwa ilikuwa hao. Miongoni mwa watu wetu kuna maneno ya siku zote kwamba wapo wanaofuga nyoka chumbani ili awatapikie pesa, na mtu akishasemwa hivyo, hata akihama mji, jina humtangulia. Baba alimsikiliza, akiwa amevua viatu na kuinyosha miguu juu ya kigoda, kama alivyoanza kufanya mwaka ule. Mwishowe alisema ahadi ni deni, na kwamba kati ya kuogopa nyoka na kuwa mwongo mbele ya mtoto wake, heri aogope. Kuhusu kikundi cha maombi alicheka. Alimwambia mama atazame zile kuta, lile pazia, ule mlango wa jokofu uliofungwa kwa kamba, kisha aseme ni nani atakayeamini kwamba nyoka wa nyumba hii aliwahi kutapika chochote. Hatimaye mama alikubali kwa sharti moja. Nyoka atakaa sebuleni penye soketi ya umeme, lakini mgeni yeyote akibisha hodi, sanduku litafunikwa kwa kitenge, na hakuna atakayetamka kilichomo. Niliapa kutunza siri hiyo.

Tulikwenda kwa mfugaji wa nyoka huko Westville Jumamosi, mimi na baba, kwa taxi mbili na mwendo mrefu wa miguu chini ya miti mikubwa, katika mitaa ambayo hatukukuta mtu mwingine anayetembea. Baba alivaa shati lake la kanisani. Mfugaji alikuwa mama wa Kihindi, mzaliwa wa hapahapa Durban, mwalimu aliyestaafu, na chumba chake cha nyuma kilijaa masanduku ya vioo yaliyopangwa kama duka la vitabu. Alisalia na watoto wawili wa nyoka wa uzao mmoja. Ni aina isiyo na sumu, rangi ya machungwa yaliyoiva, inayofugwa dunia nzima lakini asili yake ni Marekani. Baba aliposikia hivyo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tuingie, akaniambia kwa Kiswahili chetu, "Kumbe na yeye ni mugeni hapa." Ilikuwa kama amepata mahali pa kushikia.

Mmoja alikuwa amepauka, amejikunja nyuma ya kipande cha gome, kichwa amekificha chini ya mwili wake. Huyo ndiye niliyempenda papo hapo. Alijificha jinsi nilivyojificha mimi wakati wa mapumziko, nyuma ya maktaba ya shule, ili watoto wasinisikie ninavyokoroma kifua. Wa pili aliutoa ulimi, akaja mpaka kwenye kioo kututazama. Yule mama alisema wazi kwamba huyu wa pili hajawahi kukataa chakula, lakini aliyepauka hula leo akagoma wiki mbili, naye hana hakika naye. Baba akauliza, kwa Kiingereza chake cha mlangoni, huyu anayekula ataishi miaka mingapi. Akajibiwa kumi na tano, akitunzwa vizuri hata ishirini. Baba alinitazama, akatazama dirisha, midomo ikimcheza kama mtu anayefanya hesabu. Ndipo aliponiambia:

"Beba huyu mwenye anakula. Mwenye anakula ndiye anabakia."

Nilibisha. Nililia kidogo, machozi ya kutega, ambayo kwa kawaida yalimshinda. Safari ile hayakumshinda. Baba ambaye hakuwahi kuninyima kitu alichokiweza, alinikatalia katikati ya chumba cha watu, kwa upole, mara tatu, na kila mara alirudia kwamba anataka yule atakayebaki na mimi. Nilimwona ana roho ngumu. Sikujua, kwa sababu hakuna aliyeniambia, kwamba moyo wake ulikuwa umepanuka na madaktari walikwisha kumwambia maneno yao. Nilichokuwa nimekiona nyumbani ni kwamba ameanza kuacha nusu ya bugali sahanini, nikadhani mboga za mama zimemchosha. Mama alijua. Kwa hiyo tuliomchagua nyoka ni mimi na baba, lakini mwenye kuelewa tunachokichagua alikuwa mmoja tu.

Yule mama mfugaji alikuwa na kanuni. Hatoi nyoka kwenda kwenye nyumba ambayo mtu mzima wa humo hawezi kumshika. Baba aliusikia mtihani huo akakunja mkono wa shati taratibu, akafumba macho, akalitaja jina la Yesu kwa sauti ndogo, akanyosha mkono. Jasho lilimtiririka shingoni. Nyoka alipita juu ya kiganja, akauzunguka mkono, akaingiza kichwa chini ya mkanda wa saa na kutulia hapo, penye joto la mshipa.  Baba alipofumbua macho, uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa habari njema asiyoitegemea. "Haina hata uzito," alisema.

Jina alipewa njiani tukirudi, na lilikuwa uchokozi kwa mama. Baba alisema mwanamume anayekuja kukaa kwako bila kutaja siku ya kuondoka, akalala sebuleni mchana kutwa, akala bila kufanya kazi na haoshi hata sahani, huyo ni shemeji. Mama alisusa kulitumia jina hilo. Alisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba akamjibu kwamba yuko tayari kumpa jembe hilo, mama aonyeshe tu mikono ya kulishikia. Wiki za mwanzo mama alipita upande wa pili wa sebule, ubavu ukigusa ukuta. Panya wadogo waliogandishwa, chakula cha Shemeji, walikaa katika mkebe wa aiskrimu ambao mama aliupaka rangi ya kucha nyekundu ili pasitokee ajali, na kikombe cha kuwayeyushia nacho kilipakwa. Lakini nyumba ni mazoea. Baridi ya Julai ilipoingia, asubuhi moja nilimsikia akimwambia baba asisahau taa, shemeji yake iko na baridi.  Baba alinikonyeza tu.

Siwezi kueleza raha ya miezi ile bila kuonekana ninatia chumvi. Mchana haukuwa tena wa kufungiwa. Nilirudi kutoka shule nikamsimulia Shemeji mambo yote, naye alinisikiliza, ulimi ukitoka na kuingia. Niliona akivua gamba lake la kwanza, likabaki zima juu ya maranda, jepesi kuliko karatasi. Baba naye, zamu zilivyozidi kupunguzwa kwa sababu ya miguu kuvimba, alikaa nyumbani zaidi, na mara kadhaa nilimkuta ameketi mbele ya kioo, nyoka amemzunguka mkono, akiongea naye kwa Kifuliiru. Hiyo ni lugha ya kwao, ambayo sisi watoto wa rika langu, tuliozaliwa wakati wa vita na kulelewa safarini hatukufundishwa. Aliongea kwa utulivu, kwa kirefu, kama mtu anayetoa maelekezo. Nikiingia alibadilisha akarudi kwenye Kiswahili na kuniuliza habari za hesabu. Ukubwani nilisoma kwamba nyoka hawana masikio ya kusikia maneno yetu kama tunavyosikia sisi. Nilikifunga kitabu hicho nikalia. Yale baba aliyoyasema hayapo kwa mtu yeyote.

Alifariki Februari, asubuhi, mimi nikiwa darasani. Alikuja kunichukua Mama Furaha, jirani yetu wa ghorofa ya pili, na badala ya kupanda nami kwetu aliniingiza kwake, kwa sababu mtoto haketi kwenye kilio kabla wakubwa hawajakiweka sawa. Nilielewa kwamba baba amekufa. Nililielewa jambo hilo kama mtu anavyoelewa somo, nikiweza kulirudia nikiulizwa, na sikulia. Wanawake waliokuwa wakipita kule kuchukua sufuria waliniangalia kwa wasiwasi, wakanong'ona kwamba mtoto asiyelia machozi humgeukia ndani. Nilitaka kitu kimoja tu, kwenda juu kwa Shemeji. Katika nyumba ile palibaki kiumbe mmoja aliyechaguliwa na mimi na baba, aliyezoea joto la mkono wa baba, na kichwani mwangu, nikimshika yeye, baba hakuwa amekwisha kabisa. Nilimwomba Mama Furaha kutwa anipandishe. Aliniuliza nakwenda kufanya nini. Nilikuwa nimeapa kutotamka, na mwenye nyumba yule alikuwa ndiye kiongozi wa kikundi cha maombi. Nikanyamaza, naye akanipa uji.

Watu wa kwetu wakifiwa huitoa sebule yote nje. Makochi, meza, televisheni, kabati la vyombo, kila kitu hubebwa ili sakafu ibaki tupu, magodoro yatandikwe, waombolezaji wakae chini pamoja na mfiwa mpaka mazishi. Nyumbani Uvira vitu hivyo huwekwa uani, chini ya paa la jirani. Ghorofani Point hapakuwa na uani. Wanaume walioshughulika walivitoa vyetu kwenye roshani inayotazama bahari, na aliyekuwa mbele yao ni Tonton Gaston, yaani Mjomba Gaston, rafiki wa baba wa kazini, mtu mwenye mikono miwili ya kusaidia na ulimi usiouliza maswali. Alikuta pembeni kitu cha mraba kimefunikwa kitenge. Aliheshimu kitenge cha watu, hakukifunua. Alichomoa waya ukutani, akakibeba kwa uangalifu, akakiweka roshani pamoja na viti, na baadaye mtu mwingine akaona kimekaa vizuri akatua juu yake gunia la vitunguu. Mama hakuona. Alikuwa ameketishwa kwenye godoro katikati ya sebule, kichwa kimefunikwa, ameegemezwa na wenzake pande zote mbili, na mjane wakati ule hatazami huku na huku, wala hanyanyuki.

Walinipandisha siku moja kabla ya mazishi. Sebule ilikuwa imejaa watu na ilikuwa tupu. Mahali pa Shemeji palibaki doa la rangi safi ukutani. Nilipita katikati ya miguu na magoti bila kumwamkia mtu, nikaenda roshani, nikalisukuma gunia, nikafunua. Jua lilikuwa limekaa juu ya kile kioo tangu siku ya kwanza. Maranda yalinipiga usoni kwa harufu yake, na Shemeji alikuwa amenyooka, amenyooka kabisa, pua imebana kwenye pembe ya kifuniko mahali ambapo hewa ilikuwa ikiingia.

Nililia. Sauti iliyonitoka ilinyamazisha nyimbo za ndani. Nililia mpaka kifua kikafunga na mtu akakimbilia dawa yangu, na katikati ya kukohoa niliwasikia wanawake wakimshukuru Mungu, wakisema ameanza, ameanza, sasa mtoto atapona. Nilitaka kuwaambia kwamba hawajui ninachokililia. Ndipo mama alipokuja. Alinyanyuka kwenye godoro, mjane, mbele ya wazee wote wa kanisa, akawapita, akafika roshani na kutazama ndani ya sanduku. Kisha yeye ambaye hakuwahi kumgusa, hata kwa ncha ya kidole, alitumbukiza mikono yote miwili akamtoa, akamlaza juu ya kanga ya mapajani mwake, akanivuta kwake. Kikundi kizima cha maombi kilikuwa mlangoni kikiona. Mama hakuwajali.

"Lia yote pamoja, mama," aliniambia. "Usiyatenganishe."

Sikuyatenganisha. Mpaka leo siwezi kusema machozi gani yalikuwa ya nani. Tonton Gaston alimzika Shemeji jioni ile kwenye kijishamba cha maua nyuma ya jengo, akiwa amemviringisha kwa kitambaa cha kichwa cha mama, na kwa miaka yote iliyofuata, tulipokutana mjini, alinisalimu akiwa ameinamisha macho. Nilimwambia zaidi ya mara moja kwamba hakukosa. Na kweli hakukosa. Alifanya kila kitu kama desturi inavyotaka. Maneno ya nyoka na pesa yalizuka, kama mama alivyoogopa, yakamtafuna kwa mwaka mzima, wateja wakampungua saluni, halafu yakachoka yenyewe. Yeye aliyabeba bila kunilaumu.

Siku hizi vilio vya watu wetu hapa Durban vimebadilika. Wenye uwezo hukodi ukumbi, viti vya plastiki vinakuja na lori, watu wanafika kwa magari yao wakitoka Westville na Bluff, wanatoa mchango kwa simu, wanaondoka mapema kabla ya foleni za kwenye maroboti, zile taa za barabarani. Hakuna anayelala sakafuni siku nne. Vijana wanasema ni afadhali, na kwa usafi na usingizi ni afadhali kweli. Lakini Point bado wapo wanaoitoa sebule nje kama zamani, nami hupenda kufika mapema huko, kabla ya wanaume wa kubeba, maana zamani zile tulijua kukaa chini pamoja na mfiwa, ila hakuna aliyejua kumuuliza mtoto chochote. Hilo ndilo ninalokwenda kulifanya. Mwezi uliopita alifariki msusi mmoja aliyewahi kufanya kazi na mama, akaacha binti wa miaka minane. Makochi yalikuwa yameanza kunyanyuliwa. Nilimtafuta mtoto, nikachuchumaa, nikamuuliza humu ndani kitu chake ni kipi. Alifikiri, akanyosha kidole kwenye kochi kuukuu lililopasuka mkono.

"Hii. Mama ananisukaka hapa."

Niliwaambia wanaume waliache, maana hapo ndipo mama yake alipozoea kumsuka nywele. Wazee walinung'unika kwamba matanga hayakaliwi na makochi, na mmoja aliniuliza nimejifunzia wapi mila hizo.  Kochi lilibaki katikati ya magodoro, hakuna aliyelikalia, wanawake wakaimba na kulia wakiwa wamelizunguka. Mtoto akaja, akaketi sakafuni mbele yake, akaliegemea kwa mgongo, na kichwa akakiinamisha kidogo.